Mwinjilisti Asiyemaliza Hadithi

Danieli alikaa katika tundu la simba majuma matatu. Najua Biblia inasema usiku mmoja, nimeisoma mara nyingi kuliko wengi wanaonibishia, lakini katika mtaa wetu wa Rhotia alikaa majuma matatu. Mwinjilisti alimtumbukiza humo Jumapili moja ya masika, akaweka jiwe mlangoni, akasema, "Tuombe," tukaenda nyumbani. Wiki ile mvua ikakata njia ya korongoni na Jumapili mbili hatukuweza kufika kanisani. Ya tatu akatokea bibi mmoja wa kule juu karibu na msitu, matope hadi magotini, na kabla hajasalimia mtu akamwuliza Mwinjilisti kama yule kijana ametoka.

Mwinjilisti akamwambia ametoka, mzima, hata nguo haikuchanika. Bibi akakasirika. Alikuwa amemwombea Danieli kila asubuhi akienda kukamua, na kumbe wasomi tulijua siku zote kwamba ameshatoka, tukanyamaza. Mwinjilisti hakuomba radhi. Alimwambia sala zile hazikupotea, kuna mwingine yumo tunduni hivi sasa, jina lake halijulikani, na zimemfikia yeye. Bibi akafikiri kidogo, akakubali, akaenda kukaa mahali pake.

Kwa wasiojua utaratibu wetu, mchungaji alikaa Karatu na mitaa yake ilikuwa mingi, hivyo kwetu alifika mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili zilizobaki zote zilikuwa za Mwinjilisti. Yeye ndiye aliyegonga kengele, yaani rimu ya trekta iliyoning'inizwa mtini, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, juu mno, hata ubeti wa pili wanaume wakawa wameshaacha kuimba. Alihubiri, akazika, akasuluhisha, na Jumatatu akalima maharage kama sisi. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na viatu vyake alivibeba begani amevifunga kamba, akavivaa mlangoni mwa kanisa na kuvivua mlangoni mwa kanisa. Alisema miguu yake ni ya kutembelea na viatu vyake ni vya kuhubiria, na kwamba havijawahi kukutana na jiwe.

Mimi nilimjua miaka kumi na mitano. Nilifika Rhotia kufundisha shule ya msingi, nikitokea Mbulu, na baada ya mwaka mmoja nikaolewa palepale na fundi wa matrekta katika shamba moja la kahawa, mtu mwema asiyependa maneno. Hatukupata mtoto. Nalisema mapema ili msikae mkingoja, maana mimi si Mwinjilisti. Lakini miaka ile ninayoisimulia, tukitoka sabini na kuingia themanini, hilo ndilo lililokuwa jambo langu asubuhi na jioni, na ukoo wa mume wangu ulikuwa umeanza kulizungumza bila kupunguza sauti ninapoingia.

Turudi kwake. Ilikuwa desturi yake kuwaacha watu wa Biblia mahali pabaya kabisa. Yusufu alimwacha shimoni, akisikia kaka zake wanavyokula juu. Yona alimwacha ndani ya samaki, ingawa hapo sisi watu wa milimani tulipata shida, kwa kuwa samaki mkubwa tuliyemjua ni kambare wa Ziwa Manyara, na wazee walibishana wiki nzima mtu anavyoweza kuenea. Naamani mwenye ukoma alimzamisha mtoni mara sita. Akamtoa mara ya sita, akamfanya ajitazame mikono, mbele na nyuma, akasema ukoma uko vilevile. "Tuombe."

Mwisho wa hadithi ulikuja siku yoyote, mara nyingi katikati ya matangazo. Alikuwa akisema kesho ni zamu ya akina mama kufyeka makaburini, na kwamba Naamani alizama mara ya saba akapona, na kwamba ndoo ya kanisa imeonekana kwa mtu na mtu huyo anajijua. Ilibidi usikilize matangazo kwa makini kuliko mahubiri. Nimewahi kuona wanaume wazima wakikatazana kukohoa.

Jiografia yake nayo ilikuwa ya peke yake. Mimi nilikuwa na ramani ya Nchi Takatifu ukutani darasani, nimeipaka rangi mwenyewe, na yeye aliifuta kila Jumapili kwa mkono mmoja. Yerusalemu ilikuwa juu kule Ngorongoro kwenye ukungu, kwa hiyo kila mtu aliyepanda kwenda Yerusalemu alisikia baridi na akahitaji koti. Yeriko ilikuwa Mto wa Mbu, chini ya mteremko, kwenye joto na ndizi. Misri ilikuwa Arusha. Nilipomweleza, kwa heshima, kwamba Yeriko haina ndizi, aliniuliza kama nimefika. Nikasema sijafika. Akasema basi.

Tatizo ni kwamba watu walimwamini. Barabara ile ya kuteremkia Mto wa Mbu tuliijua wote, na tulijua watu waliovuliwa mizigo humo. Kwa hiyo alipomlaza kando ya njia yule msafiri wa Yeriko aliyepigwa na wanyang'anyi, kila mmoja wetu alijua kona yenyewe. Alimpitisha mchungaji, akampitisha mwinjilisti pia, ambaye alikuwa amebeba viatu begani, tukacheka. Kisha akampitisha Mmasai na mkuki wake. Hapo kicheko kikaisha. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ng'ombe wa baba yake walichukuliwa zamani na watu wa upande ule, akasimama akatoka nje, na wanne wakamfuata. Mwinjilisti akawangoja wafike mlangoni. Akasema Mmasai ameinama, mkuki ameuweka chini, ameshika shingo ya mtu wetu. "Tuombe."

Yule mzee alikaa nje ya kanisa Jumapili mbili, kwenye jiwe, mahali ambapo angeweza kusikia bila kuhesabiwa kuwa amehudhuria. Jumapili ya tatu, tangazo la majeruhi kulipiwa nyumba ya wageni lilipotoka, alikuwa benchini mwake. Hakuna aliyemwuliza lolote, na mwaka uliofuata alikuwa akibadilishana mahindi kwa ndama na boma moja la kule juu, na kujisifia kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Kosa kubwa kuliko yote lilitokea mwaka wa njaa, ule tuliokula yanga, unga wa mahindi ya njano. Mwinjilisti alitusimulia mjane wa Sarepta. Alisema yupo mjane chini kule, upande wa joto, akanyoosha mkono kuelekea Baray, amebakiwa na unga wa kiganja kimoja na mafuta ya kulamba, na ameokota vijiti viwili apike, ale na mtoto wake, kisha wafe. Akaishia hapo, bila shaka. Kufikia Jumatano wanawake watatu walikuwa wamefika kwake na unga. Mmoja aliubeba mwendo wa saa mbili, katika mwaka ambao nyumbani kwake walikula mara moja kwa siku, na alitaka kujua tu kama Mwinjilisti anakwenda Baray mwenyewe au yeye aendelee na safari.

Nilikuwepo uani pake, nilikuwa nimepeleka barua. Nilimwona Mwinjilisti akifungua mdomo, akaufunga. Akapokea ule unga, akashukuru, wanawake walipoondoka akautia wote katika gunia moja, akashuka nao hadi kwenye laini, zile nyumba za safu za vibarua wa shamba la kahawa. Alikuwapo huko mama mmoja wa kutoka Singida, aliyefiwa na mume kabla ya mavuno, na watoto watatu. Alikuwa Mwislamu, na Mwinjilisti aliona hilo ni sawa kabisa, kwa kuwa yule wa Sarepta naye hakuwa wa kanisa. Jumapili akatangaza kwamba mjane amepata unga na anawasalimu. Nilimfuata baada ya ibada nikamwuliza kama huo si uongo.

"Mwalimu," akasema, "nilisema yuko mjane ana unga wa kiganja kimoja. Uongo uko wapi hapo?"

Msije mkadhani alikuwa mtu wa matumaini siku zote. Katika mambo madogo sijaona mtu anayekata tamaa haraka kama yeye. Kila mwaka alitangaza kwamba mvua haitanyesha, na ilipomnyeshea kichwani alisema haitadumu. Maharage yake aliyalilia yakiwa mabichi. Sukari ilipoadimika na sisi tukapanga foleni dukani tangu alfajiri, yeye alikaa kwenye foleni akituambia kwamba itaishia kwa mtu aliye mbele yake, na alipoipata alisema hakika ina unyevu. Tembo walipotoka msituni kula mahindi alikuwa wa kwanza kupanda mti na wa mwisho kushuka, na mkewe ndiye aliyepiga debe kuwafukuza. Kufa hakukumtisha, alituhubiria hivyo makaburini kwa uso mkavu, lakini gari hakulipanda. Watalii walipopita na Landrova zao kwenda kreta ya Ngorongoro alisimama kando ya barabara, mgongo ameugeuza, hadi vumbi likatulia.

Mkewe, mama mfupi mwenye kucheka kirahisi, alisema Mungu alimpa mumewe matumaini ya gunia moja, naye ameyahifadhi yote kwa ajili ya ufufuo, nyumbani hayatumiki.

Kwa nini hakumaliza hadithi? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni mbinu ya kutuvuta Jumapili ijayo. Mwenye duka alisema anasahau. Mimi nilidhani ni ng'ombe, kwa sababu alipohubiri alitazama jua dirishani, na likifika juu ya kizingiti alianza kutafuta shimo la kumtumbukiza mtu. "Mungu hana haraka," alipenda kusema, "ila ng'ombe wangu wanayo." Wazee wa kanisa hatimaye walimshitaki kwa mchungaji, na mchungaji akamwambia mbele yao kwamba Injili ni habari njema, na habari njema lazima ifike mwisho, la sivyo haina tofauti na habari mbaya.

Jumapili iliyofuata alisimama akasema ameonywa, na onyo ni la haki. "Basi," akasema, "ambaye maisha yake yameshafika mwisho wa hadithi, mambo yake yote yamekaa sawa, asimame, nami nitamaliza kwa ajili yake." Tukatazamana. Mwanamume mmoja aliyekuwa amenunua baiskeli wiki ile alijiinua kidogo, mkewe akamtazama, akakaa. Mwinjilisti akasema anaona wote tuko katikati, tuombe. Mashitaka yakafia hapo.

Mimi nilikuwa katikati kuliko wote, na nilikuwa nimechoka. Ndoa yangu ilikuwa na miaka sita. Akina mama wa kanisa walikuwa wema kwangu, na wema wao ulikuja na majina matatu: Sara, Elisabeti na Hana. Nikienda bombani, Sara. Nikiugua mafua, Elisabeti. Hana nilipewa harusini, msibani, na siku moja kwenye foleni ya sabuni. Wote hawa walilia, na wote wakapata mtoto wa kiume, na kila aliyenisimulia aliishia kunitazama tumbo. Nilifika mahali pa kuwachukia wanawake wale wa Biblia. Nasema kweli, niliwachukia, na nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la tatu habari zao.

Kisha ukoo ukaita kikao. Kingefanyika nyumbani kwetu, Jumapili baada ya ibada, wazee watatu wa ukoo na mama mkwe wangu, kuzungumza juu ya mume wangu kutafutiwa mwanamke mwingine wa kuzaa naye. Sisi ni Wakristo, alisema mama mkwe, lakini ukoo nao ni ukoo. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa na mwana mmoja tu na alitaka kuona mjukuu kabla hajafa. Mume wangu alisikia, akanyamaza, na mimi kunyamaza kwake nilikupokea kama jibu. Ijumaa nikajaza nguo zangu katika sanduku la bati, nikalipeleka kwa mwalimu mwenzangu aliyepanga karibu na barabara. Jumatatu alfajiri lori la ushirika lilikuwa linakwenda Mbulu. Nilikusudia nisihudhurie kikao. Nilikusudia kutoka kanisani na kwenda moja kwa moja kulala kwa mwenzangu, nisionekane tena Rhotia.

Jumapili ile nikaenda ibadani kwa sababu kutokwenda kungewashtua. Nilipokaa tu nikajua limenipata. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa mbele, akageuka akanitabasamia. Akina mama wengine nao wakageuka. Mwinjilisti akapanda, akasema leo atasimulia habari za Hana.

Alisimulia vizuri, sitamnyima. Penina, yule mke mwenza mwenye watoto, alimpa sauti ya mwanamke mmoja wa bombani ambaye sote tulimjua, naye mwenyewe alicheka bila kujitambua. Elkana alimfanya mtu wa kuchanganyikiwa, anamrundikia mkewe nyama sahanini, anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Wanaume wakacheka. Mume wangu alitazama mikono yake yenye grisi. Akamfikisha Hana hekaluni Shilo, akamliza, midomo inacheza na sauti haitoki, na kuhani mzee akidhani mama wa watu amelewa. Nilikuwa nakijua kila kilichofuata. Nilikuwa namngoja Samweli, yule mtoto aliyepewa Hana, kama mgonjwa anavyongoja sindano, nikijiambia kwamba wakigeuka tu kunitazama nitasimama, nitatoka, na hawataniona tena.

Kuhani akamwambia Hana aende kwa amani. Hapo Mwinjilisti akainua macho. Alinitazama. Akajifuta uso, akatazama dirishani, na jua lilikuwa bado halijafika kizingitini.

"Akaenda zake," akasema. "Akala chakula. Na uso wake haukuwa na huzuni tena."

Mabati yakasikika yanavyotanuka kwa joto. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayelisoma mara ya kwanza, "Na tumbo lake lilikuwa tupu bado."

"Tuombe."

Akina mama hawakufumba macho katika sala ile. Mama mkwe alimkodolea Mwinjilisti kama mtu aliyepunjwa kipimo sokoni. Mimi nilifumba. Mahali pale nilikuwa nimepasoma mara nyingi kiasi kwamba ukurasa ulikuwa umelainika, na sikuwahi kupaona, kwa sababu siku zote nilikuwa nakimbilia kwa Samweli. Hana alikula kwanza. Alikula siku ambayo hakuna kilichobadilika, hajapewa kitu, mke mwenzake yuko palepale nyumbani na ulimi wake. Alisema na Mungu kilichokuwa moyoni, kisha akaona njaa. Sikujua kwamba mtu anaruhusiwa.

Nikaenda nyumbani. Nikasonga ugali, nikala na maziwa ya mgando, nikala sana, mimi ambaye tangu Alhamisi nilikuwa nameza mate. Wazee walipofika walinikuta nafuta sahani. Nilikaa kikaoni, na nilipoulizwa nikasema nimesikia yote, sina mtoto, sina hakika ya kupata, na siendi popote. Atakayeletwa atanikuta hapa. Sauti yangu haikutetemeka na nilishangaa. Kisha mume wangu akasimama akasema ana giaboksi ameiacha wazi nje na mawingu yanakuja, na kwamba yeye mke mwingine hataki. Aliyasema yote mawili kwa sauti ileile, akatoka akaenda kuifunika giaboksi. Sijawahi kumsikia akitoa hotuba ndefu kama ile. Wazee wakanywa chai iliyokuwapo wakaagana, na jambo lile halikurudi tena na nguvu. Mama mkwe alinuna mwaka mzima, kisha akachoka kununa, kisha akaugua, nikamwuguza, na alikufa akiniita mwanangu.

Sanduku nililirudisha Jumatano. Niliwaambia nilikuwa nimelipeleka kutengenezwa bawaba.

Tangu siku ile nilimhesabu Mwinjilisti kuwa nabii. Niliamini kwamba aliniona, akajua hata habari ya lori, na akaikata hadithi mahali pale kwa ajili yangu. Sikumwambia. Mwanzoni niliona haya, baadaye niliona akijua atavimba kichwa, na baada ya miaka miwili mitatu ikawa imepitwa na wakati. Yeye naye hakunisaidia. Alianza kunikwepa. Tukikutana njiani alinisalimia huku anatazama juu ya bega langu, na Hana, Sara na Elisabeti hakuwagusa tena madhabahuni, hata katika matangazo. Nikasema moyoni, ona staha ya mtu huyu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Kifua kilikuwa kimemlaza, kijana mwingine amechukua mtaa, kijana mzuri anayemaliza kila hadithi na kutuwahisha nyumbani. Nilikwenda jioni baada ya shule na kilo ya sukari. Mkewe alinikaribisha, akaenda jikoni kuchemsha chai. Mwinjilisti alikuwa amelala karibu na dirisha, shingo imekuwa ndefu zaidi, na kabla sijakaa aliniambia maharage ya mwaka huu yamekwisha. Nilitazama nje. Yalikuwa yamejaa maua.

Tukaongea habari za shule. Kisha akaomba nifunge mlango, akasema kuna jambo ambalo amemwambia Mungu mara nyingi na sasa lazima aniambie mimi.

"Mwalimu, ni mimi niliyekuzuilia mtoto."

Nikadhani ni homa. Hapana, alikuwa na akili zake zote. Akaniambia kwamba kabla ya Jumapili ile ya Hana akina mama walimwendea, na mama mkwe wangu pamoja nao, wakamwomba kwa mara moja tu amalize hadithi. Amfikishe Samweli, kisha ashuke aniwekee mkono mbele ya watu wote aseme mwaka ujao wakati kama huu nitakuwa na mwana. Akawaahidi. Alijiandaa, hata ng'ombe alimwachia jirani ili asiwe na haraka. Akafika pale kuhani anaposema nenda kwa amani, akainua macho akaniona.

"Nikaogopa," akasema. "Nikajiuliza, asipopata je? Nitamtazamaje? Imani yote ikanitoka, Mwalimu, nikasoma mstari mmoja wa kujifichia, nikakimbilia sala. Kila Jumapili baada ya hapo nilikuona umekaa, na nafasi tupu kando yako. Nikasema, ningekuwa na imani ya kusema neno moja, nafasi ile ingekuwa na mtu."

Alikuwa analia, machozi machache ya mtu asiye na maji mwilini. Mimi nilitaka kucheka, kisha nikataka kulia, kisha nikashikwa na hasira, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nabii wangu alikuwa ameogopa tu. Na woga ule ndio uliokuwa umenishika mkono miaka yote hii.

Nikamweleza. Nilimweleza habari za sanduku la bati na lori la ushirika, na mwenzangu aliyekuwa amenitandikia kitanda. Nikamwambia, "Ungemfikisha Samweli, ningetoka kabla ya wimbo. Na mkono wako ungeuweka juu ya benchi." Nikamwambia nilivyokwenda nyumbani nikala.

Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Ulikula nini?" akauliza.

"Ugali na maziwa ya mgando."

"Ukashiba?"

"Nilishiba, Mwinjilisti."

Akafumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka, na nilipodhani amesinzia akayafungua tena, na kulikuwa na ukali ndani yake ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Miaka minane," akasema. "Miaka minane natubu, Mwalimu, na wewe unapita mlangoni kwangu kila siku na chaki zako."

Nilikuwa nimepewa neno la kuniweka hai, nikalila peke yangu, na aliyenipa alikuwa na njaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimwambia anisamehe. Alisema atafikiri, ila asingeshauri nimngoje muda mrefu, kwa hali aliyo nayo. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mkewe aliingia na chai, akausukuma mlango kwa mguu, akatukuta hivyo, wote macho mekundu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe Mwalimu alitaka kuondoka hapa Rhotia," Mwinjilisti akamwambia. "Mwaka ule. Alikuwa ameshafunga sanduku."

Mama akaweka vikombe mezani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyetajwa kwa jambo lisilowezekana.

"Aondoke aende wapi?" akasema, akanisogezea kigoda karibu na kitanda, akanimiminia chai.